Wimbo Ambao Len Hakuukataza

Brayo, wewe ndiye uliyeanza, kwa hiyo usijifiche nyuma ya Mercy. Jumapili iliyopita, tukiwa bado tunakunywa chai nje ya kanisa hapa Shieywe, ulinipa simu yako nitazame video ya kanisa moja huko Ulaya lililogeuzwa ukumbi wa kunyanyua vyuma. Palipokuwa na madhabahu pamewekwa kioo kikubwa, na kijana mmoja amevua shati anajitazama kifua. Ukaniambia mimi babu yako, "Kuka, si unaona? Hao watu walishamalizana na Mungu kitambo. Theolojia yao sai iko kwa museum." Na Mercy, ambaye anasomea hiyo theolojia na ana insha ya kuandika juu ya jambo hilohilo, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari aliyeshampoteza mgonjwa.

Mimi nikacheka, mkaudhika. Sikuwa nawacheka ninyi, wajukuu zangu. Nilikuwa nimekumbuka watu fulani. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza nikizika Waingereza, katika mji mmoja wa kaskazini ambako mvua haiombi ruhusa, na kama kuna mtu aliyewaona watu wale siku ambayo hawawezi kujifanya, ni mimi. Basi kaeni. Mercy, weka kalamu chini kwanza, utaandika baadaye.

Nilifika kule na cheti cha ualimu ambacho hakuna aliyekitaka. Nikaosha vyombo hotelini, nikapanga mizigo ghalani, hadi nikaona tangazo kwenye dirisha la kampuni ya mazishi: wanatafuta mbebaji. Mwenye kampuni aliitwa Harold, mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Aliniuliza kama naogopa maiti. Nikamwambia ninakotoka mimi, Shinyalu, Jumamosi ikipita bila mazishi watu huuliza kuna nini. Akaniuliza kimo changu. Nilidhani ananipimia sare, kumbe wabebaji hupangwa wawiliwawili kwa vimo, la sivyo jeneza linainama upande mmoja na aliye mfupi anabeba hewa.

Ngoja niwape ufundi kidogo, maana kazi ni kazi. Miguu ya marehemu hutangulia, daima. Upande wa kichwa ndio mzito, kwa hiyo weka huko watu wenye mabega. Tembeeni hatua moja, lakini laini, kama mnapita chumba cha mtoto aliyelala. Viatu viwe vya soli ya mpira, kwa sababu sakafu za makanisa yale ni mawe yanayoteleza. Na mfukoni uwe na kitambaa safi cha machozi ambacho si chako. Hicho ni cha mtu mwingine, na utamjua ukimwona.

Mazishi yangu ya kwanza nusura niyaharibu. Tulifika mahali pa kuchomea maiti, maana kule wengi huchomwa, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kunisamehe kana kwamba nililianzisha mimi. Nikawekwa mlangoni. Wakaingia watu wachache, wangetosha kwenye meza moja ya chakula. Nikajua hawa ni wale wa kutangulia, wa kupanga viti. Nikaushikilia mlango wazi. Mchungaji akanitazama, nami nikamtazama. Muda ukaenda, na tulikuwa tumepewa nusu saa tu kabla ya familia nyingine. Harold akaja taratibu akaninong'oneza, "Festo, unasubiri nini?"

Nikasema, "Watu."

Akasema, "Hao ndio watu."

Niliufunga mlango ule nikiwa na huzuni kuwashinda wafiwa. Baadaye nikampigia mama simu nikamweleza. Akasema, "Mwana wanje, kwani huko munazikanga mtu kama kuku? Hata chai hamukupika?" Nikamwambia chai ilikuwepo, pamoja na vipande vya mkate vilivyokatwa pembetatu. "Pembetatu," mama akasema.

Sasa hiyo theolojia yenu. Harold hakuwa mtu wa Mungu, na hakuficha. Kwake, mtu akifa ameisha, taa imezimwa. Lakini ungemsikia akiwa chumba cha kuandalia maiti. Anabisha hodi kabla ya kufungua mlango wa chumba ambacho ndani hakuna aliye hai. Anasema, "Samahani, bwana, nakugeuza kidogo. Maji ni ya baridi, nivumilie." Akimaliza anainamisha kichwa ndipo atoke. Siku moja nikamuuliza, kama huyu mzee ameisha, unamwomba samahani nani?

Akafikiri. "Ni adabu tu. Baba yangu alifanya hivi, na baba yake."

"Na baba yake aliipata wapi?"

"Kanisani, nadhani. Zamani zile kila mtu alikuwa kanisani." Kisha akaendelea kumchana mzee wa watu nywele.

Mimi si msomi wa vitabu vyenu vinene, Mercy. Lakini najua tulichofundishwa: kwamba mwili wa mtu si ganda la kutupa, kwamba uliumbwa, ukakaliwa, na una ahadi. Harold aliyakataa hayo yote kwa mdomo na kuyatimiza yote kwa mikono. Na hakuwa peke yake. Ndiyo, Brayo, hata katika mji wetu kulikuwa na kanisa lililogeuzwa duka la mazulia, nalijua vizuri, zulia langu la kwanza nililinunua pale. Lakini mtu alipokufa bila ndugu na bila senti, serikali ya mji ilituita tumzike kwa jeneza, gari na wabebaji, sawa na wengine. Hakuna aliyeuliza kwa nini asitupwe tu. Swali lenyewe lingewatia aibu, na mimi nilikuwa najiuliza aibu hiyo waliirithi kwa nani. Watu waliniambia ana kwa ana kwamba hawaamini chochote, kisha wananikabidhi soksi za sufu nimvalishe baba yao, asisikie baridi.

Najua utasema, Mercy, kwamba huo ni utamaduni, si theolojia. Sawa. Sitaki pia niwadanganye kwamba hakuna kilichopotea. Walibaki na adabu, maneno yake yakawapotea, na kuna siku mtu anahitaji maneno. Siku hiyo niliiona nyumbani kwa Bi Doris.

Doris alipiga kinanda katika kanisa dogo la mtaa wao tangu ujana hadi nywele zikawa nyeupe. Mumewe Len alikuwa fundi wa reli, na hakuamini kitu asichoweza kukikaza kwa spana. Kila Jumapili Len alimbebea mkewe mkoba wa vitabu vya nyimbo hadi lango la kanisa, akamfungulia lango, akarudi zake nyumbani kusoma gazeti. Wakaishi hivyo miaka yote, wanapendana, wala hakuna aliyemgeuza mwenzake. Alipojua anakufa, Len alimwita binti yao, Karen, akamwambia mchungaji asije, msalaba usiwekwe, na nyimbo za kanisa zisiimbwe. Sikuamini nikiwa hai, alisema, msinifanye mnafiki nikiwa maiti. Karen, ambaye alifanana na babaye hata kwa kutoamini, akaahidi. Doris naye akakubali, kwa sababu alikuwa mke mwema, lakini kukubali kulimuumiza.

Mimi na Harold ndio tuliomchukua Len. Nilipogeuka pale garini, nikamwona Doris amesimama mlangoni mwa nyumba tupu. Karen aliishi mji mwingine na alikuwa bado hajafika. Nililala vibaya. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Shinyalu angelifanya bila kufikiri. Nikanunua sukari na maziwa, nikaenda kukaa na mfiwa.

Sikupiga simu. Kwetu nani anapiga simu kabla ya kwenda matanga? Doris akafungua mlango, akaitazama sukari, akanitazama mimi, akaniruhusu kuingia, kwa sababu Mwingereza hajui namna ya kumfukuza mtu aliyeshika maziwa. Nikakaa kitako na kunyamaza, jinsi inavyotakiwa. Akaniletea chai. Nikanywa, nikaendelea kukaa. Mchana ukasogea. Sikujua kwamba alipoingia jikoni alikuwa amempigia binti yake, na binti yake amempigia Harold, akasema, "Kuna mfanyakazi wenu sebuleni kwa mama. Hauzi kitu. Hasemi kitu. Na haondoki."

Kabla Harold hajanifikia, Doris aliketi kwenye kiti kilichonielekea. Kufikia hapo alikuwa ameshanizoea.

"Wewe unaamini?" akaniuliza.

Nikasema naamini.

"Basi nisaidie. Mchungaji wetu humkabidhi marehemu kwa Mungu, kwa maneno yake maalumu. Nimeyasikia maisha yangu yote nikiwa pale kwenye kinanda. Len hatakuwa nayo. Mtu asipokabidhiwa, anapokelewa na nani?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Simu ikalia mfukoni. "Festo," Harold akasema, "toka humo."

Ofisini hakupandisha sauti, na ndivyo nilivyojua mambo ni mabaya. Alinikumbusha sheria ya kampuni: sisi hatuhubiri. Familia ikimtaka Mungu, tunamwita mchungaji, isipomtaka, hatumtaji. "Familia hii imekataa," akasema. "Ukiwasemesha habari za dini, nitakuachisha kazi, na nitajisikia vibaya sana."

"Nimeulizwa," nikasema.

"Umeulizwa na mke. Aliyekufa ni mume."

Msimchukie Harold. Sheria ile ilikuwa nzuri. Nimeshuhudia wahubiri wakimrukia mjane kabla hajafuta machozi, na si kule tu, hata hapa Kakamega tunawajua. Lakini nyumba nzima ya Shinyalu ilikuwa imeegemea mshahara wangu, na huku kuna mama mzee amebaki na swali ambalo mimi tu ndiye niliyeulizwa. Nikimjibu, nakosa kazi. Nisipomjibu, nimemwacha mlangoni peke yake mara ya pili.

Nikatembea na jambo lile hadi karibu na siku ya mazishi. Nilikuwa naosha gari la maiti, Harold yuko mezani kwake, mlango wazi, nikamuuliza kitu ambacho si dini. Len atalala wapi kabla ya safari?

"Hapa. Kwenye chumba cha baridi, na wenzake."

Nikamwambia kwetu mtu halali mochari mara ya mwisho. Analetwa kwake, apite mlango wake, alale chini ya bati lake, watu wamwone na wamzungumzie mbele yake. Harold akaacha kuandika. Akasema nyanya yake alilazwa sebuleni, karibu na saa ya ukutani, na yeye akiwa mtoto alitumwa kuwapelekea chai watu waliokuja kukaa naye.

"Desturi hiyo iliisha lini?" nikamuuliza.

"Sijui. Nadhani tuliacha tu." Akashika simu, akampigia Karen. Hakutaja Mungu hata kidogo. Karen akasema hawezi kumkataza baba yake kufika nyumbani.

Tulimpeleka mchana. Nyumba zao ni nyembamba na njia ya kuingilia ilikuwa na kona mbaya kweli. Tukajaribu hivi, tukajaribu vile, mwisho ikabidi mlango ung'olewe kwenye bawaba zake. Jirani wa ng'ambo akatuona tunahangaika, akaja na bisibisi. Alipomaliza kufungua mlango hakupata njia ya heshima ya kuondoka, akapewa chai. Jirani mwingine akaja kuuliza kwa nini mlango wa Doris uko ukutani. Naye akapewa kikombe. Tulipokuwa tunaondoka sebule ilikuwa imejaa, wamemzunguka Len, wanacheka kuhusu siku aliyotengeneza kengele ya kanisa bure na kukataa kuingia ndani kuisikia ikilia. Mlango ulibaki umeegemezwa ukutani, na nyumba ikawa wazi kwa kila mpitaji, sawasawa na nyumba ya matanga. Nilijisikia niko Shinyalu. Nilifurahi kupita kiasi kwa mtu aliye kazini.

Asubuhi tukarudi kumchukua. Karen alikuwa amevaa nguo za jana na macho yamevimba. Tukampandisha Len mabegani, miguu mbele, tukaipita ile kona, tukafika kizingitini. Karen akasema, "Ngojeni."

Ukiwa na jeneza begani, neno hilo ni refu sana. Tulingoja. Karen alisimama mbele yetu, mdomo unafunguka na kufungika. Alikuwa na hotuba yake ya baadaye, imepangwa vizuri, lakini kwa hapa mlangoni hakuwa na kitu. Akanigeukia mimi.

"Kwenu, mtu anapovuka mlango hivi, huwa mnasema nini?"

Nilimtazama Harold. Uso wake haukunisaidia. Nikasema, "Hatusemi. Huwa tunaimba."

"Wimbo wa dini?"

"Wa dini."

Nyuma yake Doris alikuwa ameshika koti la Len, amelikunja mkononi kana kwamba anamngoja alivae. Karen akazungumza polepole, akipima kila neno kama wakili. "Baba alikataza nyimbo za kanisa. Alimaanisha zile alizozijua, zile za mama. Huo wenu hakuujua." Akafikiri tena. "Wala hatauelewa, kwa hiyo hautamfanya mnafiki." Akasogea kando. "Imba."

Basi nikaimba. Nikaimba kwa lugha yetu ule wimbo mnaoujua, unaoimbwa jeneza likitoka nyumbani, bila ngoma za isukuti na bila wa kuitikia. Nilipofika mahali pa kuitikia nikanyamaza kwa mazoea, na pengo likawa kubwa. Nikaona aibu. Ubeti wa pili, pengo lilipofika, Doris akaitikia. Maneno hakuwa nayo, lakini sikio la mpiga kinanda lilikuwa limeshaushika mwendo, akauvumisha kwa sauti ya chini bila kukosea. Baadaye jirani wa bisibisi akaingia, sauti mbovu kabisa, kisha wengine. Karen hakuimba. Aliweka mkono juu ya jeneza akatembea nalo hadi garini.

Tulipokwisha kumweka ndani, Doris akanijia. Harold alikuwa karibu nasi, anavaa glavu.

"Hukunijibu," akaniambia.

Nilijua ninaweza kuifikia kesho bila kazi. Nikasema, "Bi Doris, mimi ndiye niliyemwosha Len. Nilimvalisha shati ulilomchagulia, na soksi. Kichwa chake nilikishika mimi alipopita kona ya mlango wako. Na nilipomshika, sikumshika kwa niaba yangu."

Aliligeuzageuza neno hilo. "Basi ameshapokelewa," akasema. Akaingia kwenye gari la familia akamshika binti yake mkono.

Harold alikuwa amesikia kila kitu. Akavaa kofia yake ndefu, akatangulia mbele ya gari kwa miguu hadi mwisho wa mtaa, kama ilivyo heshima ya kazi ile, nami nikaendesha polepole nyuma yake nikimtazama mgongo. Halafu akaja akaketi kando yangu. Nikangoja aniachishe. Tukapita duka la mazulia, tukapita stesheni.

"Ule wimbo una beti ngapi?" akauliza.

"Inategemea njia ni ndefu kiasi gani."

"Mimi naishi juu ya kilima," akasema.

Hakunifukuza, wala hatukuizungumzia tena siku ile. Aliendelea kutoamini kama kawaida yake, na kuwabishia hodi wafu wake, hadi ilipofika zamu yake. Hakuna mchungaji aliyeitwa, ndivyo alivyoagiza. Aliagiza pia alale kwake, karibu na saa ya ukutani. Tulimtoa asubuhi, mimi nikiwa upande wa kichwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikaimba kutoka mlangoni hadi chini ya kilima, mstari kwa mstari, kwa ajili ya mtu ambaye hakuamini hata ubeti mmoja na alikuwa amezitaka beti zote.

Haya, Mercy. Chukua kalamu.